Si kila kitunguu hufaa kila chungu

KATIKA majiko mengi ya Kenya, kazi ya kwanza baada ya kuwasha moto ni kukata kitunguu. Sukuma wiki, maharagwe, ndengu, omena, mchuzi wa kuku na hata pilau ya harusi, vyote huanzia kwenye kitunguu na mafuta. Hata hivyo, bidhaa hii inayotumiwa kila siku ni miongoni mwa zile zinazonunuliwa bila kuchunguzwa. Mnunuzi hufika kibandani, akatazama rangi na ukubwa, akalipa na kuondoka. Siku chache baadaye hugundua kwamba nusu ya vitunguu vimechipua au vimeoza, au pilau aliyowaandalia wageni imekataa kushika rangi.

Hasara hiyo si ndogo. Mwaka wa 2023, bei ya vitunguu ilipopanda mno nchini, wapishi wengi walilazimika kununua kimoja kimoja na kukigawa kwa milo miwili. Kitunguu kinachotupwa ni pesa zilizotupwa. Mara nyingi kosa si la muuzaji wala la mapishi, bali ni la kuchagua kitunguu kisicholingana na pishi, au kisichoweza kudumu hadi siku kitakapohitajika.

Mambo mawili humwongoza mnunuzi mwerevu: aina ya kitunguu, na jinsi kilivyokaushwa baada ya kuvunwa. Watu wengi hujali la kwanza na kusahau la pili, ilhali ndilo lenye uzito zaidi.

Sababu ya wekundu kutawala

Masoko ya Kenya yamejaa vitunguu vyekundu, tofauti na yale ya Ulaya ambako vile vya maganda ya rangi ya kahawia ndivyo vya kawaida. Sababu moja ni mazoea ya walaji wanaopenda ukali. Nyingine ni jua lenyewe. Kitunguu huanza kutunga kichwa pale urefu wa mchana unapofikia kiwango fulani. Aina nyingi za Ulaya ya kaskazini huhitaji mchana wa saa 14 au zaidi. Kenya imepitiwa na ikweta, na mchana wake ni wa takriban saa 12 mwaka mzima. Aina hizo zikipandwa hapa hutoa majani tele bila kichwa cha maana. Ndiyo maana wakulima wa Kieni, Oloitoktok, Naivasha na Bungoma hutegemea mbegu zinazoridhika na mchana mfupi.

Miongoni mwa mbegu hizo ni Red Creole, ambayo vichwa vyake ni vya wastani, vimebonyea kidogo juu na chini, na ni vikali. Bombay Red nayo hutoa vichwa vidogo hadi vya wastani vyenye wekundu uliokolea. Baadaye ziliingia mbegu chotara kama Red Pinoy, ambayo vichwa vyake ni vya mviringo. Kwa kuwa mavuno ya nyumbani hayatoshelezi mahitaji, shehena kubwa hutoka Tanzania kupitia Namanga, hasa kutoka Mang'ola, karibu na Ziwa Eyasi katika Wilaya ya Karatu. Wanunuzi wengi huvipenda vitunguu hivyo kwa kuwa hufika vikiwa vimekauka vyema.

Chekundu, cheupe na cha majani

Kitunguu chekundu ndicho mtumishi wa kila siku. Kina ukali unaostahimili moto, na kikikaangwa polepole ukali huo hupungua huku utamu uliojificha ukijitokeza. Hufaa mchuzi wa nyama, maharagwe, githeri, ndengu na pilau. Upungufu wake ni rangi: kikichemshwa kwa muda mrefu, wekundu hufifia na kuacha kijivu kisichopendeza. Katika mchuzi wa nazi unaotakiwa kubaki mweupe, kitunguu cheupe ni bora zaidi.

Vitunguu vyeupe na vile vya maganda ya manjano hafifu, kama vya mbegu ya Texas Grano, huwa vikubwa, vyenye maji mengi na ukali mdogo. Ni vizuri vikiliwa vibichi katika saladi, au vikikatwa vipande vinene vya kuchomwa pamoja na nyama. Hata hivyo, havidumu. Anayevinunua anunue vya siku chache tu, hata kama bei inashawishi.

Vitunguu vya majani huliwa vyote, kuanzia kikonyo cheupe hadi ncha ya kijani. Sehemu nyeupe hutiwa kwenye mafuta mapema kama kitunguu cha kawaida, nayo majani hukatwakatwa na kutiwa dakika ya mwisho. Hufaa mayai, viazi vya kuponda, supu na mboga za kienyeji kama managu na kunde. Havistahili pilau, kwa kuwa majani yake hunyauka na kuungua kabla ya kutoa rangi.

Kitunguu saumu, ambacho Waswahili wa Pwani hukiita thomu, ni ndugu wa kitunguu wala si badala yake. Hutumika kidogo na hutangulizwa na kitunguu, kwani kikitiwa kwenye mafuta makali peke yake huungua upesi na kuacha uchungu unaoenea chakula chote.

Shingo husema kweli

Mkulima hujua kwamba kitunguu kimekomaa pale majani yanapoanza kulala yenyewe. Baada ya kung'olewa, huhitaji kuanikwa kivulini mahali penye upepo kwa wiki moja hadi mbili. Katika muda huo shingo husinyaa na kufunga, na maganda ya nje hukauka na kuwa kama karatasi. Shingo iliyofunga huzuia maji na vijidudu kuingia ndani. Kitunguu kilichovunwa mapema kwa tamaa ya bei, au kilichonyeshewa shambani, hukosa kinga hiyo hata kama ni cha mbegu bora kuliko zote.

Kwa hivyo, mnunuzi aanze uchunguzi kwenye shingo. Aibonyeze kwa kidole gumba. Ikiwa ni nyembamba, kavu na ngumu, kitunguu kimekaushwa. Ikiwa ni nene, yenye unyevu au inabonyea, hicho ni cha kupikwa leo au kesho. Kisha asikilize maganda: yaliyo makavu hutoa mchakacho yanaposuguliwa. Atazame pia sehemu ya mizizi, ambayo inafaa kuwa kavu isiyo na ukungu.

Uzani nao ni shahidi. Kitunguu kizuri huwa kizito kikilinganishwa na ukubwa wake. Kilicho chepesi huenda kimeanza kunyauka ndani. Chenye harufu kali kabla ya kukatwa kimejeruhiwa au kimeoza mahali fulani. Masizi meusi juu ya ganda ni ukungu. Ukiwa kwenye ganda la nje pekee, ganda hilo huondolewa na kitunguu kuoshwa, lakini ukiwa umepenya kwenye tabaka za ndani, kitupwe.

Ukubwa usimdanganye mtu. Kwa familia ndogo, vitunguu vya wastani ni afadhali kuliko vikubwa, kwa kuwa kila kimoja humalizika kwa pishi moja na hakuna nusu inayobaki.

Pilau na kachumbari

Rangi ya hudhurungi ya pilau hutokana kwa sehemu kubwa na vitunguu vilivyokaangwa. Hapa ndipo kitunguu kibichi chenye maji humwaibisha mpishi. Kikitiwa kwenye mafuta hutoa maji, na badala ya kukaangwa huchemka. Moto ukiongezwa, kingo huungua kabla ya katikati kuiva. Kitunguu chekundu kilichokauka, kikikatwa vipande vyembamba vinavyolingana, hubadilika rangi kwa pamoja. Chumvi isitiwe mapema kwa kuwa huvuta maji kutoka kwenye kitunguu. Nyanya nazo zingoje: asidi yake hufanya kitunguu kichelewe kulainika, na ndiyo sababu mchuzi ulioharakishwa hubaki na vipande vinavyotafunika.

Kachumbari ina sheria tofauti. Kitunguu chekundu hukatwa vyembamba iwezekanavyo, husuguliwa kwa chumvi, huoshwa kwa maji baridi na kukamuliwa. Hatua hiyo huondoa sehemu kubwa ya ukali. Ndimu ikishatiwa, wekundu huchangamka, kwa maana rangi ya kitunguu hung'aa inapokutana na asidi. Mwenye kitunguu cheupe kisicho kikali anaweza kuiruka hatua ya kukamua.

Machozi yatoka wapi?

Kitunguu kizima hakimlizi mtu. Kisu kinapopasua chembechembe zake, vimeng'enya hukutana na viini vyenye salfa na kuzalisha gesi inayowasha macho. Kwa miaka mingi iliaminika kwamba kimeng'enya kimoja ndicho kilichofanya kazi yote, hadi mwaka wa 2002 wanasayansi wa Japani walipoonyesha kwamba kipo kingine mahsusi kinachounda gesi hiyo ya machozi.

Kutokana na maarifa hayo, dawa ni rahisi. Kisu kikali hupasua chembechembe chache kuliko kisu butu. Kitunguu kilichowekwa mahali pa baridi kwa nusu saa hutoa gesi polepole. Aidha, inasaidia kuiacha sehemu ya mizizi ikatwe mwisho, na kukatia karibu na dirisha lililo wazi.

Kutunza nyumbani

Adui wa kitunguu ni unyevu. Mfuko wa plastiki hufungia jasho lake ndani na kukiozesha. Vitunguu huhitaji wavu, kikapu au kreti yenye matundu, mahali pakavu penye hewa na kivuli. Visiwekwe pamoja na viazi, kwani viazi hutoa unyevu unaochochea kuchipua. Kilichooza kiondolewe mara moja kabla hakijaambukiza vingine. Vikitunzwa hivyo, vitunguu vyekundu vilivyokauka hudumu wiki nyingi, ilhali vya majani hunyauka baada ya siku chache visipowekwa kwenye friji.

Kitunguu kilichochipua si sumu. Huwa kimepoteza sehemu ya utamu na ugumu wake, lakini hufaa kwa mchuzi, na chipukizi lake huliwa pia. Vivyo hivyo, uvumi kwamba kitunguu kilichokatwa hugeuka sumu kikilala usiku mmoja hauna msingi. Kikifunikwa vizuri na kuwekwa kwenye friji, hutumika kwa siku kadhaa. Asiye na friji akate kile kinachomtosha, na nusu iliyobaki aitumie kesho yake. Wanaofuga mbwa na paka nao wakumbuke kutowapa mabaki yenye vitunguu, kwani viwe vibichi au vilivyopikwa, huharibu damu ya wanyama hao.

Kwa mwenye bajeti ndogo, mpango ulio bora ni kugawa ununuzi mara mbili. Vitunguu vyekundu vikavu vinunuliwe kwa kilo, vya kutosha wiki mbili au tatu, baada ya kila shingo kubonyezwa. Vyeupe, vya majani na vile vibichi vya msimu wa mvua vinunuliwe kwa idadi ya milo inayokusudiwa, hata ikiwa ni miwili tu. Muuzaji akipunguza bei ya rundo lenye shingo nene, hilo ni fungu la kupikwa usiku huo huo.