Dhow

Dhow ni neno la Kiingereza linalotumika kwa jumla kutaja vyombo vya tanga vya magharibi mwa Bahari ya Hindi, hasa vyenye tanga la pembetatu lililofungwa kwenye foromali, yaani mti mrefu unaopandishwa mlingotini, na neno hilo katika vitabu vya wasafiri hufunika aina za vyombo ambazo wavuvi wa Bagamoyo, Saadani na Pangani hawazichanganyi kamwe. Kwao ngalawa ni gogo lililochongwa na kuwekewa mihimili ya kuelea pande zote mbili, mashua ni chombo cha mbao kilichokatwa wima upande wa tezi, yaani nyuma, jahazi ni kubwa zaidi na hubeba shehena, ilhali dau, jina linalokaribiana mno na lile la Kiingereza, huchongoka mbele na nyuma. Upungufu huo wa neno la Kiingereza si mdogo, kwa kuwa anayesoma habari za Bagamoyo ya karne ya 19, ambako pembe za ndovu na watu waliofanywa watumwa walivushwa kwenda Unguja, hukuta neno moja tu na hawezi kujua ni chombo gani kilichowabeba.

Isipokuwa kwa ngalawa, ambayo ni gogo lisilo na maungio ya mbao, tofauti hizo hazigusi ukalafati: fundi hushindilia pamba yenye mafuta katika nyufa za mbao, kisha hupaka sehemu ya chini deheni, mchanganyiko wa shahamu na chokaa unaozuia maji.