Koma, nukta na saa: namna ya kusoma hati kati ya Bujumbura na Dar es Salaam

Mfanyabiashara anayepakia mzigo Dar es Salaam na kuushusha Bujumbura huvuka pia mpaka wa namna mbili za kuandika hesabu, na mpaka huo hauna bango. Tanzania, Kenya na Uganda zilirithi uandishi wa Kiingereza, ambako koma hutenganisha maelfu na nukta huanzisha desimali. Burundi, kama Kongo, hufuata uandishi wa Kifaransa ulioachwa na Wabelgiji. Huku mambo ni kinyume: koma ndiyo ya desimali, na maelfu hutengwa kwa nafasi tupu au kwa nukta. Elfu ishirini na nane mia tano na nusu huandikwa 28,500.50 upande mmoja na 28.500,50 upande wa pili. Makala haya yanafuata mtindo wa Dar es Salaam.

Hakuna upande wenye kosa. Mkutano Mkuu wa Kimataifa wa Mizani na Vipimo uliamua mwaka 2003 kwamba alama ya desimali inaweza kuwa nukta au koma, na kwamba maelfu yatengwe kwa nafasi tupu bila alama yoyote. Nusu ya kwanza ya uamuzi huo kila mtu anaifuata bila kujua. Nusu ya pili ofisi nyingi za usafirishaji hazijaisikia.

Si kila namba ina hatari. Bamba kwenye mlango wa kontena mara nyingi husomeka 30,480 KG, na chini yake 67,200 LB, yaani ratili. Hakuna wakala wa forodha Bujumbura atakayedhani kontena linaruhusiwa kilo thelathini na ushee, akili inakataa. Vivyo hivyo magunia 320 ya kahawa ya kilo 60, ambayo ni kilo 19,200. Namba inayoumiza ni ile inayoingia akilini kwa namna zote mbili.

Chukua mfano wa kasha la vipuri lililoandikwa "2,500 kg". Aliyesoma Nairobi ataona tani mbili na nusu. Aliyesoma Bujumbura ataona kilo mbili na nusu, kwa kuwa mizani za kidijitali zimemzoesha tarakimu tatu baada ya koma. Au ankara inayosema bei ya kipande ni "1,250 USD". Kipuri cha dola moja na robo kipo, na cha dola 1,250 kipo. Wakala wa forodha, deklara kama wanavyomwita hapa, huichukua ankara hiyo na kuiandika upya katika tamko la forodha, na kuanzia hapo kosa lina namba ya kumbukumbu na jina la mwenye mzigo.

Burundi iliingia Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2007 na kuanza kutekeleza Umoja wa Forodha mwaka 2009. Kwa hiyo Sheria ya Usimamizi wa Forodha ya Jumuiya ya mwaka 2004, pamoja na adhabu zake kwa matamko ya uongo, inamhusu mfanyabiashara wa hapa kama wa Mombasa. Kueleza kwamba ilikuwa koma tu kunawezekana, lakini maelezo hutolewa lori likiwa limesimama na gharama za maegesho zikihesabiwa.

Kompyuta huzidisha. Programu ya hesabu iliyopangwa kwa Kifaransa ikiandikiwa 12,500 huhifadhi kumi na mbili na nusu, na iliyopangwa kwa Kiingereza huhifadhi elfu kumi na mbili na mia tano. Ukiiandikia ya Kifaransa 12.5 yaweza kuichukua kama maandishi, kisha jumla ikairuka bila kukuonya. Kabla ya kuamini jumla ya orodha uliyotumiwa, hakiki mistari miwili kwa mkono.

Mwandiko nao una lahaja. Moja ya Kifaransa ina mkia mrefu kichwani, na karani wa Dar es Salaam huisoma saba. Saba ya Bujumbura hukatwa kwa kistari katikati ili isifanane na moja hiyo. Kwenye fedha, milliard ya Kifaransa ndiyo bilioni ya Kiswahili cha Tanzania. Billion ya Kifaransa ni kubwa mara elfu moja, yaani trilioni. Kwenye mkataba wa faranga hilo si jambo dogo.

Kinachowachanganya madereva zaidi ni saa. Burundi iko nyuma ya Tanzania kwa saa moja, na dereva anayetoka Kabanga kuingia Kobero hurudisha saa yake. Hilo wazoefu wa njia wanalijua. Shida ni namna ya kuitaja. Mswahili huhesabu kuanzia asubuhi kunapokucha, na Mrundi akisema Kirundi hufanya hivyo hivyo. Lakini akishika kalamu huandika kwa Kifaransa, 8h00, yaani saa mbili asubuhi. Mtu akiugeuza ujumbe huo haraka kuwa "saa 8", asubuhi imekuwa mchana. Mimi mwenyewe niliwahi kumsubiri dereva tangu asubuhi, yeye akiwa amepumzika Muyinga bila wasiwasi, kwa sababu nilimwandikia saa 8. Alifika saa nane kamili, na sikuwa na la kumlaumu. Siku hizi naandika "08:00, saa mbili asubuhi, saa za Burundi", na sioni aibu kwa urefu wake. Kwa mzigo wa usiku, "usiku wa Ijumaa" hautoshi. "Usiku wa kuamkia Jumamosi" haubishaniwi.

Kuhusu tarehe, Burundi na jirani zake wako pamoja: siku, mwezi, mwaka. Mtego hutoka mbali. Mmarekani hutanguliza mwezi, na Mchina mwaka. Ankara ya 05/06/2026 inaweza kuwa tarehe 5 Juni au 6 Mei. Siku inayozidi 12 hujieleza yenyewe, kwa hiyo angalia zaidi hati za mwanzoni mwa mwezi na tarehe za kuisha muda wa vyakula na dawa. Andika mwezi kwa herufi, tena wote, maana "jui" ya Kifaransa yaweza kuwa Juni au Julai. Kwa majina ya mafaili, 2026-06-05 ni mpangilio wa kiwango cha kimataifa ISO 8601.

Vipimo vyenyewe havigombani sana, kwani nchi zote hizi hutumia mita na kilo. Tani ya Kimarekani ina kilo 907, si 1,000. Upepo wa matairi ukitajwa kwa bar, zidisha kwa 14.5 kupata psi. Kwenye tairi hilo hilo, tarakimu nne za mwisho za msimbo wa DOT ni wiki na mwaka wa kutengenezwa: 2324 ni wiki ya 23 ya mwaka 2024, si Machi wala Aprili. Gunia si kipimo, hasa likifungwa lumbesa. Ukinunua maharage kwa gunia, dai kilo ziandikwe kwenye risiti kabla mzigo haujapanda lori.