Lenzi ya Ridley ilikuwa dhahiri?

Katika wazee tuliokimbia nao Palma, Machi 2021, wapo waliokuwa wakishikwa mkono na wajukuu kwa sababu ya mtoto wa jicho. Tiba yake ni upasuaji: lenzi iliyoingia ukungu inatolewa, ya plastiki inawekwa. Bei ya hiyo lenzi ndo iliyonipeleka kwenye habari za hataza, ile haki ya miaka 20 ya kumzuia mwenzio asitengeneze ulichobuni.

Sharti lake ni kwamba jambo lililo dhahiri kwa fundi wa fani hiyo halipewi hataza. Ila mkaguzi, awe London au Harare kwenye ARIPO, ambako Msumbiji ni mwanachama, haitoshi aseme "aa, hata mimi ningeliwaza". Aonyeshe nini kilijulikana kabla ya siku ya maombi, na kwa nini fundi angeviunganisha akitarajia vifanye kazi. Maana jahazi likishafunga gati, kila abiria nahodha.

Mchukue Harold Ridley. Katika Vita vya Pili vya Dunia, marubani wa Uingereza waliingiwa machoni na vipande vya Perspex, plastiki ya vioo vya ndege. Ridley akaona jicho linavivumilia. Baadaye mwanafunzi aliyemtazama akitoa mtoto wa jicho akauliza: mbona hurudishi lenzi nyingine? Tarehe 29 Novemba 1949, hospitali ya St Thomas', London, akaiweka.

Ukivipanga hivyo, si dhahiri kabisa? Plastiki ilijulikana, swali limeulizwa. Lakini madaktari wa enzi zile walifundishwa kwamba kitu kigeni jichoni kinatolewa, hakitiwi. Wakubwa wa fani, Stewart Duke-Elder akiwemo, walimpinga, na Marekani lenzi hizi zilithibitishwa rasmi 1981 tu. Kwangu upinzani huo ndo ushahidi: fundi wa 1949 alikuwa na kila sababu ya kutofanya vile. Hapo mkaguzi angeshindwa.

Na Ridley hakuchukua hataza. Basi lenzi yake ikawa kitu kinachojulikana, na kila anayekuja na ombi la kupindisha ukingo kidogo anapimwa nayo.

Mwaka 1994, Asmara, katika Eritrea iliyotoka vitani 1991, kikafunguliwa kiwanda cha lenzi kwa msaada wa taasisi ya Fred Hollows. Lenzi iliyokuwa inauzwa zaidi ya dola 100 ikatoka pale kwa chini ya dola 10, na hakuna aliyehitaji kwenda kumwomba Ridley ruhusa.