Joto la Kompyuta na Njia ya Kulitoa

Kompyuta ni jiko, ila ni jiko lisilopika. Umeme wote unaoingia katika prosesa yake, ukishamaliza kufanya hesabu ulizotumwa, hugeuka kuwa joto. Ikila wati 100, basi inatoa joto la wati 100, na joto hilo linatoka katika kipande cha silikoni kisichozidi ukubwa wa ukucha wa kidole gumba. Anayenunua mashine iliyokwisha kuundwa kiwandani haulizwi habari hii, ameshaamuliwa. Lakini mtu anayejiundia kompyuta yake mwenyewe nyumbani, kama nilivyofanya mimi hapa Dar es Salaam, hapana budi ajibu swali moja kabla hajafunga skrubu ya mwisho: joto hili litolewe kwa upepo au kwa maji?

Swali hilo lina umri sawa na kompyuta yenyewe. ENIAC, mashine iliyozinduliwa mwaka 1946 katika Chuo Kikuu cha Pennsylvania, mjini Philadelphia, ilikuwa na valvu zipatazo 18,000, za jamii moja na zile zilizokuwa zikiwaka ndani ya redio za wazee wetu. Ilikula umeme wa kilowati 150 hivi. Valvu haifanyi kazi mpaka uzi wake upate moto, kwa hiyo pale joto halikuwa taka tu bali lilikuwa sharti la kazi. Waundaji wake, John Mauchly na Presper Eckert, walilazimika kuiwekea mashine kubwa za kupuliza hewa, la sivyo ingejiunguza.

Transista, iliyovumbuliwa mwaka 1947 katika maabara za Bell, ilionekana kuumaliza ugomvi huo, maana haihitaji uzi wa moto. Haikuumaliza. Kila transista ilipopungua ukubwa, watu waliongeza idadi yake. Katika miaka ya 1960 kampuni ya IBM ilikuwa ikipitisha maji ndani ya baadhi ya mashine zake kubwa. Seymour Cray, bingwa wa kompyuta za kasi, aliipoza Cray-1 ya mwaka 1976 kwa gesi ya friji, na ilipofika Cray-2 mwaka 1985 aliamua kuzizamisha saketi zenyewe ndani ya kimiminika maalumu kisichopitisha umeme. Hebu fikiria kompyuta iliyolowekwa kama maharage! Na ilifanya kazi.

Huku kwetu hadithi ilikuwa nyingine. Mwaka 1974 Serikali ya Tanzania ilipiga marufuku uingizaji wa kompyuta nchini, na marufuku hayo yalikuja kulegezwa katika miaka ya 1980. Kwa sababu hiyo watu wa rika langu tuliijua kompyuta kama chumba kabla hatujaijua kama mashine. Mara ya kwanza nilipoingizwa katika chumba cha namna hiyo, nje jua lilikuwa la kupasua vichwa, na ndani nilimkuta opareta amevaa sweta. Kiyoyozi hakikuwekwa kwa ajili yake. Kiliwekwa kwa ajili ya mgeni yule wa chuma aliyekuwa akinguruma ukutani.

Kompyuta ya mezani ya IBM ilipotoka mwaka 1981, sweta lilivuliwa. Prosesa yake, Intel 8088, ilikwenda kwa megahezi 4.77, na haikuwa na hata kibati cha kuipoza. Feni pekee ilikuwa katika kisanduku cha kugawa umeme, nayo ilitosha. Hali ikaendelea hivyo kwa takriban miaka kumi. Ni katika zama za prosesa ya 486, hasa zile za megahezi 66 za mwaka 1992, ndipo vibati vya alumini vyenye mapezi vilipoanza kuonekana juu ya prosesa, kisha juu ya vibati vikawekwa vifeni vidogo vyenye sauti ya mbu. Mwaka 1993 ikaja Pentium ya kwanza, iliyotumia volti 5 na kutoa joto la wati 15 hivi. Watu walilalamika kwamba ni tanuri. Leo wati 15 ni kipimo cha kompyuta ndogo ya kupakata, na hakuna anayeshtuka.

Hapa inafaa nimtaje Robert Dennard wa IBM, kwa sababu bila yeye mambo haya hayaeleweki. Katika mwaka ule ule wa 1974, yeye na wenzake walieleza kwamba ukiipunguza transista ukubwa, ukapunguza na volti yake kwa kiasi hicho hicho, joto linalotoka katika kila eneo la silikoni halitazidi hata kama transista zitaongezeka. Kwa miaka thelathini viwanda viliishi kwa kanuni hiyo. Kisha volti ikagoma kushuka zaidi: transista zilikuwa zimekuwa ndogo mno hata zikawa zinavuja umeme wakati zilipotakiwa kuwa zimezimwa, mithili ya bomba bovu linalodondosha maji usiku kucha. Mwezi Februari 2004 Intel ilitoa toleo la Pentium 4 lililoitwa Prescott, lenye wati zaidi ya 100. Kabla mwaka haujakwisha, kampuni hiyo ilikuwa imefuta mpango wa toleo la kulirithi na kuacha lengo la kufikia gigahezi 4. Tangu hapo, badala ya prosesa moja yenye mbio, tukaanza kuuziwa prosesa zenye viini viwili, vinne, nane. Wengi hudhani ulikuwa uamuzi wa kibiashara. Kwa maoni yangu, ni joto lililoamua.

Wakati wakubwa wakihangaika hivyo, vijana wa Marekani na Ulaya walikuwa na mchezo wao. Mwaka 1998 waligundua kwamba prosesa ya bei nafuu, Celeron ya megahezi 300, inaweza kulazimishwa kwenda 450. Ili isife joto, baadhi yao walichukua rejeta ndogo za kupasha joto ndani ya magari, pampu za matangi ya samaki na mipira ya plastiki, wakaunda mitambo ya maji jikoni kwao. Mitambo ya maji iliyofungwa kabisa, inayouzwa leo madukani ikiwa tayari, ni wajukuu wa rejeta zile.

Upepo nao haukulala. Mwaka 1963 George Grover wa maabara ya Los Alamos alitengeneza bomba la joto, akikusudia vyombo vya anga za juu. Ni bomba la shaba lililozibwa pande zote, limeondolewa hewa, na ndani yake mna maji kidogo sana. Upande unaogusa prosesa, maji huchemka upesi kwa kuwa hamna hewa ya kuyakandamiza. Mvuke hukimbilia upande wenye mapezi, ukapoa na kutoa jasho kama mfuniko wa sufuria, kisha matone hurudishwa na utambi uliomo ukutani mwa bomba. Hakuna pampu. Hakuna kinachozunguka isipokuwa feni ya nje. Nakiri navutiwa sana na chombo hiki. Sijui kingine ndani ya kompyuta kinachofanya kazi kubwa hivyo kwa kunyamaza hivyo.

Na kunyamaza kwangu ni jambo zito. Nimeiunda kompyuta hii ili nihamishe kanda za kaseti zenye sauti za wazee wa ukoo wetu, ambao karibu wote wameshazikwa. Utepe unaoza, na nyingine zitakubali kuchezwa mara moja tu. Mashine ikizimika kwa joto katikati ya kanda, huenda sauti ile nisiipate tena. Ikipiga kelele, sitasikia neno lililosemwa kwa mnong'ono.

Kijana aliyeniuzia vifaa Kariakoo alinishauri vizuri tu.

"Mzee, weka ya maji. Ndiyo ya kisasa."

"Na pampu ikifa, mwanangu?"

"Unanunua nyingine, mzee wangu."

Ushauri haukuwa mbaya, lakini nilikuwa nimeshapiga hesabu. Maji hubeba joto vizuri kuliko hewa, hilo halina ubishi; lakini mwisho wa safari rejeta nayo hulikabidhi joto lile kwa hewa ya chumbani. Hakuna feni wala maji yatakayoishusha prosesa chini ya joto la chumba. Chukua kipoza kinachopandisha nyuzi 0.3 kwa kila wati. Prosesa ya wati 100 itakuwa nyuzi 30 juu ya chumba: kwa mtu wa Ulaya mwenye chumba cha nyuzi 20 ni 50, kwangu mimi mwenye nyuzi 32 ni 62. Ikila wati 200, yeye yuko 80 na mimi 92, nami nimefika ukingoni, kwani prosesa nyingi hujipunguzia kasi zikikaribia 95 au 100.

Kwa hiyo dawa ya kwanza kwetu ni kupunguza wati. Bodi za siku hizi huruhusu mtu aiwekee prosesa kikomo. Mimi nimeweka 65. Kwa kuwa umeme unaoliwa hupanda pamoja na kasi na kwa mraba wa volti, ukipunguza theluthi ya wati hupotezi theluthi ya kasi. Juu yake nimefunga kipoza cha mabomba ya joto chenye feni pana ya milimita 120, inayozunguka polepole. Feni pana husukuma hewa nyingi bila kukimbia, ndiyo maana haipigi kelele.

Adui aliyebaki ni vumbi, pamoja na chumvi ya upepo wa bahari. Kila mwisho wa mwezi nafungua kasha na kupitisha brashi ya rangi katikati ya mapezi. Juzi, chumba kikiwa nyuzi 31, kanda ya dakika tisini ilikwenda mpaka mwisho na prosesa haikuvuka 54. Zimebaki kanda sitini na tatu.