HISTORIA YA KANDA YETU (4): Twende Kagunguli

Mama zangu wa Butimba na kwingineko, leo tuvuke ziwa. Panda meli hadi Nansio, Ukerewe, kisha tafuta usafiri wa Kagunguli, ilipo misheni ya zamani ya Mapadre Weupe. Ukishalitazama kanisa usigeuze haraka, kuna jambo letu pale.

Misheni hii ndiyo aliyoitumikia mzee Aniceti Kitereza, aliyezaliwa 1896. Alisoma seminari ya Rubya, akajua Kilatini na Kijerumani. Lakini mwaka 1945 aliandika riwaya kwa Kikerewe, ili mila za wazee zisipotee. Ikakosa mchapaji miaka na miaka. Akaitafsiri mwenyewe kwa Kiswahili, ikatoka 1980. Mwaka uliofuata akafariki.

Inahusu nini? Bwana Myombekere na mkewe Bugonoka wamekosa mtoto. Ndugu wa mume wanamsimanga mke mpaka wazazi wake wanakuja kumchukua. Myombekere hamwachi. Anamfuata ukweni, anatozwa faini ya pombe ya ndizi, analipa, anarudi naye, wanatafuta tiba. Watoto wanapatikana.

Hayo ni ya wazee wetu wa kisiwani, jamani! Ila kliniki bado naona dada anakuja peke yake, kabeba lawama za ukoo mzima, wakati tatizo linaweza kuwa kwa mume pia.

Mmetafuta mtoto mwaka mzima hamjapata? Njooni wote wawili mpimwe. Kama umeshavuka miaka 35, msisubiri zaidi ya miezi 6.

Sehemu ya 5 inakuja.