Mstari wa Kijani (Sehemu ya 3)

ILIPOISHIA: Agosti 7, 1869, jua lilipatwa Marekani. Charles Young akiwa Burlington na William Harkness akiwa Des Moines, wote jimbo la Iowa, kila mmoja aliuona kivyake mstari wa kijani katika taji la jua. Duniani haukuwa na mwenyewe. Ukabandikwa jina la elementi mpya: koroniamu. SASA ENDELEA...

Miaka ikapita, koroniamu haionekani. Watu walivuta subira kwa sababu heliamu nayo ilianzia juani mwaka 1868, na 1895 William Ramsay akaikamata London. Lakini jedwali la elementi lilizidi kujaa, na kiti cha mgeni hakipo.

Mwaka 1927, Ira Bowen wa California akamwaga mchele. Nebuliamu, elementi nyingine ya aina hiyo, iliyosemekana kukaa kwenye mawingu ya gesi angani, haikuwa mgeni hata kidogo. Ilikuwa oksijeni iliyopoteza elektroni mbili. Oksijeni, hii tunayovuta!

Je, na koroniamu ni mwenyeji aliyevuliwa nguo? Kavuliwa ngapi?

Huko Uppsala, Uswidi, kuvua atomi nguo ndiyo ilikuwa kazi ya Bengt Edlén. Ncha mbili za metali zinatazamana ndani ya chombo kilichofyonzwa hewa. Umeme mkali unaruka kati yake: cheche moja, kwisha. Atomi ya chuma ina elektroni 26; ikipigwa na cheche ile, haitoki nzima. Mwanga wake ni urujuanimno wa mbali, ambao hewa huumeza, ndiyo sababu ya ule utupu. Hata kioo chenye michirizi kinachouchambua, mwanga unakiparaza tu, kama kijiwe bapa ambacho watoto hukirusha kikarukaruka juu ya maji. Kinachobaki ni bamba la picha lenye vistari vyembamba, vya kupimwa kimoja kimoja.

Kila kistari ni elektroni iliyoshuka ngazi. Ukivipata vya kutosha, unazichora ngazi zenyewe, kidaraja kwa kidaraja.

Mwaka 1939, Walter Grotrian wa Potsdam, Ujerumani, akazichukua hesabu hizo. Hakuhitaji cheche, alihitaji kutoa tu. Kwenye chuma kilichopoteza elektroni 9, vidaraja viwili vya chini kabisa vimekaribiana. Toa kimoja kwenye kingine, geuza jibu kuwa urefu wa wimbi: nanomita 637.4.

Huo ni mstari mwingine wa taji la jua, ule mwekundu!

Chuma. Hiki hiki cha misumari na majembe.

Ila wa kijani, wa nanomita 530.3, bado ulikuwa haujakamatwa. Edlén akaufuata mwenyewe. Alitazama jinsi ngazi zinavyobadilika kwa elementi zilizobakiwa na elektroni 13, kuanzia alumini, akapanda mpaka kwenye chuma. Jibu likaangukia palepale. Chuma kilichopoteza elektroni 13, nusu kamili ya mali yake.

Kesi imekwisha? Ngoja kwanza. Kukivua chuma elektroni 13 kunataka joto linalopita nyuzi milioni moja. Uso wa jua, ulio chini ya taji, hauna zaidi ya nyuzi 6,000.

Nani aliwahi kurudi nyuma kutoka jikoni, akaungua zaidi?

ITAENDELEA JUMAMOSI IJAYO