Macho Mekundu ya Akina Bibi



Juma lililopita, baada ya Misa ya kigangoni, bibi mmoja alitusubiri nje ya kanisa hadi watu wote wakatawanyika. Swali lake lilikuwa fupi: "Padre, nifanye nini ili wanipende?" Alikwisha kujaribu mengi. Aliwasalimia wasiomwitikia. Alipeleka unga msibani, unga ukarudishwa kwa hofu kwamba umetiwa dawa. Alipoacha kupeleka, wakasema ana roho mbaya. Bibi huyu anaishi peke yake, na macho yake ni mekundu. Katika nchi yetu hii ya Shinyanga na Geita, mambo hayo mawili yakikutana, kila mmoja wetu anajua yanasemwaje.

Hatukuwa na jibu la kumpa palepale. Tafakari hii ni jaribio la kumjibu, nayo yaanzia mbali kidogo, kwenye miti.

Shinyanga haikuwa daima nchi tupu. Katika miaka ya 1920 na 1930 serikali ya kikoloni ya Waingereza ilihimiza mapori yafyekwe ili kumfukuza mbung'o, aliyekuwa akiua ng'ombe na kuwaletea watu ugonjwa wa malale. Baadaye mashamba ya pamba na wingi wa mifugo vikamaliza sehemu kubwa ya miti iliyosalia. Kuni zikawa adimu. Akina mama wakaanza kupikia samadi kavu ya ng'ombe na mabua ya pamba, ambavyo hutoa moshi mkali. Mtu akikaa miaka 40 au 50 mbele ya moshi huo, katika nyumba isiyo na dirisha la maana, macho yake huwa mekundu. Hiyo ndiyo siri yote. Alama aliyoipata mama kwa kuwapikia watoto ndiyo iliyogeuzwa ushahidi kwamba anawala watoto.

Kisha, mwaka 1974, ikaja operesheni ya kuhamia vijijini. Kaya za Wasukuma, ambazo zamani zilikaa mbalimbali, zilisogezwa pamoja. Jirani akaanza kusikia kikohozi cha jirani yake, na mtoto alipofariki, mtu wa kulaumiwa alikuwa hatua chache tu kutoka mlangoni. Sisi twaona kwamba jambo hilo halijatiliwa maanani ya kutosha.

Kati ya mwaka 1970 na 1984 watu zaidi ya 3,000 waliuawa Tanzania Bara kwa tuhuma za uchawi, wengi wao wanawake, na sehemu kubwa ya vifo hivyo ilitokea huku kwetu Usukumani. Tangu mwaka 1928 kuna sheria ya uchawi ambayo, pamoja na mengine, inamhesabia kosa anayemwita mwenzake mchawi. Panga halikuisoma sheria hiyo.

Kuna sura moja ya historia hii ambayo hatupendi kuikumbuka. Mwaka 1976 vyombo vya dola viliwakamata watu wengi Mwanza na Shinyanga kwa kushukiwa kuhusika na mauaji hayo. Waliteswa, na baadhi yao wakafariki wakiwa kizuizini. Yaani, katika kuwatetea wazee wetu, waliotumwa kutetea walishika fimbo ileile ya wauaji. Waziri wa Mambo ya Ndani wakati huo, Mzee Ali Hassan Mwinyi, hakuwapiga watu hao kwa mkono wake, lakini Januari 1977 alijiuzulu kwa sababu yao. Mwislamu huyu, aliyekuja kuwa Rais mwaka 1985, alikataa kusema kwamba ubaya uliotendwa kwa nia njema si ubaya. Sisi tunaohubiri kila Dominika habari ya kupenda adui, je, tulisema nini kwa sauti wakati ule?

Turudi kwa bibi. Mara nyingi nyuma ya tuhuma kuna shamba, au ng'ombe wa urithi, au mganga anayehitaji kumtaja mtu ili alipwe. Tangu mwaka 2007 tuliona jambo hilo kwa ukatili zaidi, ndugu zetu wenye ualbino walipowindwa kwa sababu waganga waliwaahidi wachimbaji wa dhahabu na wavuvi utajiri kutokana na viungo vyao. Chuki ya namna hii ina sababu, lakini sababu hiyo imo ndani ya anayechukia. Anayechukiwa akijikagua usiku kucha hataipata kwake, kwa kuwa haikuwekwa humo.

Bwana wetu alijua hali hiyo. Katika Injili ya Yohane sura ya 15 anawaambia wanafunzi wake kuwa yeye mwenyewe amechukiwa bure. Tutazame pia alichofanya Nazareti, katika Luka sura ya 4. Watu wa kwao, waliomwona akikua, walimpeleka ukingoni mwa mlima ili wamtupe chini. Hakubaki kuwabembeleza mpaka wampende. Alipita katikati yao, akaenda zake. Mtume Paulo naye alishushwa ndani ya kapu ukutani Damasko. Msalabani Yesu aliwaombea watesi wake, ni kweli. Lakini ni Yesu yuleyule wa Nazareti, na saa yake aliichagua yeye, wala hakuchaguliwa na umati. Tunakosea sana tunapomwambia mama mwenye kuwindwa kwamba kusamehe maana yake ni kulala peke yake, mlango ukiwa haukazwi.

Jumatano tulikwenda nyumbani kwake pamoja na mwenyekiti wa jumuiya. Tulimwambia kwamba hana deni la kupendwa, na kwamba awaombee hao hata kama hawataitikia salamu zake kamwe. Tulimwambia pia kwamba maneno ya vitisho aliyoyasikia tutayapeleka pamoja naye kwa mtendaji wa kijiji na polisi, na kwamba kwa sasa atalala kwa mama mmoja wa jumuiya. Vijana wa kigango wamekubali kumtobolea dirisha jikoni na kumjengea jiko lenye bomba la kutolea moshi. Macho hayatarudi kuwa meupe, alisema, akacheka kidogo.

Kisha akauliza kama aendelee kupeleka unga misibani. Tulimjibu kwamba aupeleke akipenda, ila mchana, na asiende peke yake.